Picha za Uchumba: Namna ya Kuchagua Mahali Dar es Salaam na Pembezoni Mwake

Tangu zamani, posa imethibitishwa kwa barua, kwa mshenga na kwa kishika uchumba kinachopokelewa mbele ya wazee. Mambo hayo yangalipo, wala hayaoneshi dalili ya kutoweka; ila mijini limeongezeka jambo moja, nalo ni picha. Kabla kadi za michango hazijaanza kusambazwa, wachumba huvaa, humwita mpigapicha na kwenda mahali walipopachagua. Picha hiyo ndiyo hupamba kadi, ndiyo husimamishwa mlangoni mwa ukumbi siku ya kumuaga binti, na mara nyingi ndiyo hubaki ukutani mwa sebule miaka mingi baada ya keki na mapambo kusahaulika.

Ni jambo dogo likilinganishwa na mahari, lakini huweza kuleta hasara na aibu lisipopangwa. Wachumba wamewahi kufukuzwa na mlinzi mbele ya wakwe, wamewahi kulipa fedha kwa mtu asiyehusika, na wamewahi kufika ufukweni wakakuta hakuna ufukwe, bahari imefika ukutani. Karibu yote hayo hutokana na kuchagua mahali kwa sababu tu palionekana vizuri katika simu ya mtu mwingine, bila kuuliza panamilikiwa na nani, jua linatoka upande gani na maji yanajaa saa ngapi.

Jua ndilo la kuanza nalo, kwa kuwa halina gharama. Pwani ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa inatazama mashariki. Maana yake ni kwamba jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya mji. Anayetaka picha ya jua likigusa maji katika ufukwe wa Coco, Oysterbay, hana budi kufika alfajiri; akija jioni atalikuta jua mgongoni kwa mpigapicha, likiwaangaza wachumba usoni huku bahari ikiwa nyuma yao. Hilo si kosa, na wapo wapigapicha wanaolipenda zaidi, ila siyo picha ile aliyoiwazia. Anayetaka machweo juu ya maji na aende upande wa pili wa rasi ya Msasani, ambako pwani inatazama magharibi kuelekea ghuba, au avuke kivuko hadi Kigamboni, ambako jua huzama nyuma ya majengo marefu ya mji.

Katika mji huu jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, kutegemea mwezi. Februari huchelewa zaidi, na mwishoni mwa Mei huwahi. Asubuhi huchomoza kabla kidogo ya saa 12:00 mwezi Novemba, na hukaribia saa 12:40 mwezi Julai. Kwa kuwa mji uko karibu na ikweta, giza huingia upesi: baada ya jua kuzama hubaki takribani dakika 20 tu za mwanga wenye manufaa. Wachumba walioahidiana na mpigapicha saa 11:00 jioni, kisha wakakwama kwenye foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi hadi saa 12:00, hawana tena muda wa kubadilisha nguo mara ya pili. Mwanga wa adhuhuri nao, kuanzia saa tano hadi saa tisa, hutoka juu ya kichwa moja kwa moja, huweka kivuli chini ya macho, na huwatoa watu jasho hadi poda ikayeyuka. Saa hizo zinafaa mahali penye miti mikubwa au chini ya paa, si ufukweni.

Bahari ina saa zake pia, na hapa wavuvi wa Kunduchi na Msasani wanajua zaidi ya wapigapicha. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa ni bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alasiri. Kwa hiyo wachumba waliochagua jioni ya mwezi mpevu kwa sababu ya uzuri wake ndio wanaokuta ufukwe umemezwa. Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka. Alasiri maji huwa yamepungua, na mchanga hubaki mpana hadi magharibi. Asubuhi ya bamvua, karibu saa nne au saa tano, maji hupwa mbali sana na kuacha mawe ya matumbawe wazi. Mahali hapo hupendeza katika picha, lakini mawe yale ni makali na yanateleza, na katika vidimbwi vyake wamo viumbe wenye miiba. Viatu vyenye visigino virefu viachwe ndani ya gari, na bibi harusi mtarajiwa apewe ndara hadi dakika ya mwisho.

Upepo hauna budi kuhesabiwa pia. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, hali ya hewa huwa kavu na ya baridi kiasi, jambo linalofaa nguo nzito, lakini upepo ufukweni huweza kuchukua mtandio na kuvuruga nywele zilizosukwa kwa saa sita. Masika, kati ya Machi na Mei, anga huwa la mashaka. Aliyekwisha kupanga siku katika miezi hiyo na awe na mahali pa pili penye paa, palipokubaliwa mapema na mpigapicha.

Swali linalofuata ni la umiliki, na ndilo linalowagharimu watu zaidi. Wengi hudhani kwamba mahali pakiwa pa umma, basi ruhusa ni moja kwa kila mahali. Sivyo. Ufukwe na bustani za mji huangaliwa na halmashauri. Makumbusho ya Kijiji na Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni ya pale Posta ni mali ya Makumbusho ya Taifa. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya vimo chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kila taasisi ina utaratibu wake na viwango vyake, na ruhusa ya moja haivuki mpaka wa nyingine. Tena kiingilio cha mgeni wa kawaida si lazima kiwe kibali cha kuja na taa, nguzo, viti vya mapambo na watu kumi. Yafaa kuuliza hivyo hasa: si "kuingia ni kiasi gani?", bali "wachumba wakija na mpigapicha wa kulipwa na vifaa vyake, utaratibu ni upi?"

Malipo kwa taasisi ya umma hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, inayolipiwa benki au kwa simu, na risiti hutolewa. Mtu anayejitokeza ufukweni akiwa amevaa kizibao cha kung'aa na kutaka shilingi elfu kumi mkononi "ya kamera" bila namba wala risiti hana sababu ya kulipwa. Hakuna haja ya kugombana naye mbele ya wakwe. Inatosha kumwomba namba ya malipo na kitambulisho, na mara nyingi hapo ndipo maelezo yake yanapokwisha. Likiendelea kuwa na utata, ofisi ya Serikali ya Mtaa au ya Afisa Mtendaji wa Kata ya eneo hilo ndipo mahali pa kuuliza, na ni vyema kuuliza siku chache kabla, siyo wakati mpigapicha amekwisha kufungua begi.

Hoteli na migahawa ya pwani ni mali binafsi. Wapo wenye mahali hapo wanaoruhusu picha kwa mteja aliyeagiza chakula, na wapo wanaotoza ada ya pekee. Kuketi, kuagiza soda mbili na kuanza kupanga taa ni njia ya hakika ya kuondolewa.

Yapo maeneo ambayo jibu lake ni hapana, hata kama mandhari yake ni ya kuvutia namna gani. Ikulu na mazingira yake, kambi za jeshi, vituo vya polisi na maeneo ya bandari hayapigwi picha bila idhini, na sheria za usalama wa taifa hazitofautishi jasusi na mchumba. Hili huwakuta hasa wanaotembea Barabara ya Barack Obama wakielekea Magogoni: upande mmoja ni bahari nzuri, na hatua chache mbele ni eneo la Ikulu. Kwenye foleni ya pantoni nako kamera kubwa huzua maswali. Droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, huhitaji kibali kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Mpigapicha anayesema anayo na aoneshe kibali kabla hajalipwa, maana ikikamatwa siku ya picha, siku yenyewe imekwisha.

Madaraja mawili ya mji yamekuwa kivutio kikubwa. Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, na Daraja la Tanzanite, lililojengwa juu ya bahari kuunganisha upande wa Coco na upande wa Hospitali ya Aga Khan, lilianza kutumika mwaka 2022. Kusimamisha gari juu ya daraja ili wachumba washuke ni kuhatarisha maisha yao na ya wengine, na hakuna picha inayohitaji jambo hilo. Daraja huonekana vizuri zaidi na mtu aliye nje yake kuliko aliye juu yake. Kutoka nchi kavu upande wa Coco, nguzo na nyaya za Tanzanite hujitokeza nyuma ya wachumba zikiwa kamili.

Kwa wanaopenda majengo ya kale, katikati ya mji pana hazina ndogo inayotembeleka kwa miguu. Kanisa la Mtakatifu Yosefu na Kanisa la Azania Front yote yalikamilika mwaka 1902. Sanamu ya Askari ilizinduliwa mwaka 1927. Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, ina miti mikubwa yenye kivuli hata adhuhuri. Siku za kazi mitaa hiyo haina nafasi ya kusimama, lakini Jumapili hutulia. Makanisa, hata hivyo, Jumapili asubuhi yana ibada, na uwanja wa kanisa si uwanja wa picha mpaka ofisi ya parokia au usharika itakaporidhia. Kuhusu Sanamu ya Askari, imezungukwa na barabara pande zote; itazamwe kutoka kando ya barabara.

Mahali panaposahauliwa na wengi, pengine kwa sababu hapana bahari, ni Makumbusho ya Kijiji, kando ya Barabara ya Bagamoyo huko Kijitonyama. Ndani yake zimejengwa nyumba za asili za jamii mbalimbali za Tanzania, kwa vipimo vya kweli na kwa vifaa vilivyotumika huko zilikotoka: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, na nyingine nyingi. Wakazi wengi wa jiji hili ni watoto au wajukuu wa watu waliotoka mikoani. Binti ambaye bibi yake alizaliwa ndani ya nyumba ya namna ile, na kijana ambaye ukoo wake ulijenga kwa namna nyingine kabisa, wanaweza kupigwa picha mbele ya nyumba zote mbili kwa asubuhi moja, bila nauli ya kwenda Bukoba wala Dodoma. Picha kama hiyo ikifika kwa wazee huko mkoani haihitaji maelezo. Wataitazama nyumba kwanza, ndipo watazame nguo. Pana kivuli pia, na usafiri wa daladala hufika hadi karibu na lango, mambo mawili ambayo fukwe nyingi hazina.

Wenye nafasi ya siku nzima huweza kutoka nje ya mji. Bagamoyo, mwendo wa kilomita 70 hivi kuelekea kaskazini, ina milango ya kuchonga, mitaa ya mawe, na uwanja wa misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Kilomita chache kusini ya mji huo ni Kaole, penye magofu ya misikiti na makaburi ya Waswahili wa kale. Upande wa kusini-magharibi wa Dar es Salaam, Kisarawe, ni msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Huko mwanga hupungua mapema kuliko ufukweni kwa sababu ya matawi, matope hubaki siku kadhaa baada ya mvua, na dawa ya mbu ni muhimu kuliko manukato. Visiwani Mbudya na Bongoyo hufikiwa kwa boti, ya kwanza kutoka Kunduchi na ya pili kutoka Msasani. Makoti ya kujiokoa yavaliwe hata kama yatakunja nguo, na siku za kusi kali safari iahirishwe.

Juu ya magofu yafaa lisemwe jambo moja kwa uwazi. Kunduchi, Kinondoni, kama ilivyo Kaole, kuna magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo ambayo baadhi yalipambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Ni mahali pazuri, na kimya chake huvuta kamera. Lakini ni makaburi. Aliyelala pale ni mzee wa mtu, na katika kata za pwani wapo wanaomhesabu kuwa wao. Kuketi juu ya kaburi, kupanda nguzo, au kumwaga maua ya plastiki juu ya mawe hayo kumewahi kuonekana katika picha, na kila mara ni aibu. Tena mabaki ya namna hiyo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na jiwe likibanduka halirudi. Anayetaka kupigwa picha huko na amwone mhifadhi, asimame nje ya makaburi, na awe amevaa kama anayekwenda kusalimia. Vivyo hivyo kwa mikoko: kukata tawi lake kwa ajili ya pambo ni kosa, kwa kuwa mikoko yote ya pwani ni hifadhi.

Heshima inahusu watu walio hai pia. Familia nyingi za Kiislamu hazipendi wachumba wasimame wamekumbatiana, au washikane mikono, kabla ya akdi. Na hata katika familia za Kikristo wapo wazazi ambao picha ya binti yao kifuani kwa kijana, kabla mahari haijamalizwa, huwatia simanzi. Mahali palipochaguliwa vyema hurahisisha jambo hili bila mabishano. Benchi refu la bustani, ngazi za jengo la kale, au baraza yenye nguzo mbili huwapa wachumba namna ya kuwa pamoja huku kila mmoja akiwa na nafasi yake. Mchanga mtupu wa ufukweni huwaacha bila la kushika ila wao kwa wao. Kumchukua dada au somo siku hiyo huwaridhisha wazazi, na mtu huyo atafaa pia kulinda mikoba, kwa kuwa fukwe zisizo na watu huvutia wezi wa simu na kamera. Anayechagua kanga kwa picha na asome jina lake kwanza. Limewahi kuletwa vazi la rangi nzuri mno lenye maneno ya kumsuta jirani.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi, ni ya usafi wa mazingira; isipangwe kwa picha. Takataka za karatasi, riboni na maputo zirudi na waliokuja nazo.

Limebaki suala la picha zenyewe, ambalo huamuliwa kabla ya kufika mahali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua kwamba uchumba huweza kuvunjika: inaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa sharti la kufungwa ndoa ambayo haikufungwa. Pete inaweza kurudishwa, kitanda kinaweza kurudishwa. Picha iliyosambaa haina pa kurudishwa. Mpigapicha huitumia kujitangaza, ukumbi huitumia, na miaka mitatu baadaye mume wa mtu mwingine huiona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki juu ya taarifa zake, picha yake ikiwamo, lakini ni rahisi zaidi kuzuia kuliko kufuta. Karatasi moja yenye saini za watu watatu yatosha: mahali na saa, nani analipa kiingilio, picha ngapi zitatolewa na lini, na kwamba hakuna itakayotangazwa popote bila wachumba wote wawili kuridhia. Picha moja isafishwe kwenye karatasi na kutumwa kwa wazee ambao hawatumii simu za kisasa, kabla haijaonekana kwa watu wengine.